Tazama Refili Kwanza

Kintinku,
Juni 2025

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi huku bondeni tu wazima. Bibi yako kapona mafua, mpunga umeshavunwa, na vumbi la kiangazi limeanza, lile ambalo treni ikipita hulinyanyua na kulimwaga juu ya nguo zilizoanikwa. Hongera tena kwa kula kiapo. Ukoo wetu sasa una mahakimu wawili wa mahakama ya mwanzo: mmoja mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mmoja mwenye mshahara. Huyu mwenye mshahara ndiye anayeniuliza anunue kalamu gani, nami mumeo wa utani ambaye sijatoa hata mbuzi wa mahari siwezi kukunyima jibu.

Picha ulizotuma kwenye simu ya mjomba wako nimeziona. Kalamu tatu, zote za chuma: moja ya rangi ya dhahabu imelazwa kwenye kisanduku cha kitambaa, moja nyembamba ya rangi ya fedha ambayo ncha hutoka kwa kuzungusha, na moja nene ya shaba ya njano isiyopakwa kitu. Umeuliza ipi imetengenezwa vizuri zaidi. Refili zake hukuziuliza hata kidogo, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Kalamu haipimwi kabla hujaitaja kazi yake, na kazi yako unaijua sasa. Ni wewe unayeandika kwa mkono anachosema shahidi, anachouliza mdaiwa, wanachotaka kujua washauri walioketi kando yako, amri unayotoa na tarehe ya kuahirisha. Wanasema mfumo wa kielektroniki wa mashauri umeingia, na ni jambo jema, lakini shahidi akianza kueleza ng'ombe wake walivyoibwa, mkono ndio unaomkimbiza. Mtu asiporidhika ana siku 30 za kukata rufaa, na hapo jalada linapanda Mahakama ya Wilaya, likitoka huko Mahakama Kuu, na likiwa na hoja ya kisheria iliyothibitishwa linafika hata Mahakama ya Rufani. Kote huko atakuwepo mtu anayeinamia ulichokiandika siku ile umechoka. Na mirathi ndiyo zaidi: jalada la mirathi unaweza kulifunga leo, likaja kuombwa na wajukuu wa marehemu ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo unatafuta kalamu ya kuandika kurasa nyingi bila kuumiza vidole, isiyoruka herufi, isiyotema wino, na ambayo maandishi yake yatasomeka miaka mingi. Kati ya hayo yote, ganda la chuma linahusika na vidole tu. Yaliyobaki ni ya refili.

Kuna kisa cha Marekani ambacho nakipenda kwa sababu hii. Tarehe 29 Oktoba 1945, duka la Gimbels la New York lilianza kuuza kalamu ya Reynolds, ganda la alumini linalong'aa, kwa dola 12.50. Kwa siku zile hizo zilikuwa fedha nyingi, lakini watu waligombania, zikauzwa kwa maelfu siku hiyohiyo. Haukupita muda zikaanza kurudi: zinavuja, zinaruka, zinachafua mashati. Ganda lilikuwa safi kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye wino na kigololi cha nchani. Kumbuka kwamba kalamu ya kigololi ilikuwa imeshabuniwa na László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, ambaye alipata hataza Uingereza mwaka 1938 na nyingine Argentina mwaka 1943, baada ya kuona wino mzito wa magazeti unavyokauka upesi. Reynolds aliharakisha soko, akauza mng'aro.

Wale wa kampuni ya Parker walisubiri. Jotter yao ilitoka mwaka 1954, na hapa nataka utabasamu kidogo, maana ganda la Jotter za mwanzo lilikuwa la nailoni. Juu tu ndipo palipokuwa na chuma. Walichojivunia kilikuwa refili kubwa, ambayo kwa maelezo yao iliandika mara tano ya kalamu za kigololi za wakati huo. Mwaka 1957 wakaweka kigololi cha tangsteni kabaidi, kigumu, kinachoshika wino vizuri. Umbo la refili ile limekuwa kiwango cha kimataifa kiitwacho G2, na makampuni mengi yasiyo na uhusiano wowote na Parker huitengeneza. Ndiyo sababu mtu aliyerithi Jotter ya baba yake bado anaandikia.

Sasa rudi kwenye kalamu zako. Ile nyembamba ya kuzungusha inaelekea kuwa ya mtindo wa Cross Century, ambayo asili yake ni mwaka 1946. Ni kalamu ya heshima, sina ugomvi nayo, ila refili ya Cross ni ya kwake mwenyewe, ina meno ya kufungia juu, na ya G2 haiingii humo hata uilazimishe. Ikikuishia katikati ya wiki ya mashauri utafanyaje? Mimi nikiwa hapa Kintinku hata za G2 sizipati madukani. Namwagiza mtu anayekwenda Dodoma. Kabla hujalipa, nenda kwenye maduka ya vifaa vya ofisi ya huko ulikopangiwa kazi, uliza wana refili gani rafuni. Kalamu utainunua mara moja. Refili utazinunua mpaka ustaafu, kwa hiyo duka la refili ndilo likuchagulie kalamu.

Ile ya dhahabu kwenye kisanduku sijaipenda, na sikufichi. Hizi hufanana na zinazotembezwa kwenye minada na vituo vya mabasi zikiwa na mshale wa Parker kwenye kibanio. Usihangaike na mshale, mshale kila fundi anauchora. Ifungue. Kama ndani ya ganda la chuma meno ya skrubu ni ya plastiki nyembamba, hapo ndipo itakapofia, maana utaifungua na kuifunga kila ukibadilisha refili. Kisha itokeze ncha, ishike kwa vidole viwili, itikise. Ikicheza ndani ya tundu, kila herufi itakuwa na mtetemeko wake, na sikio lako litachoka na mgongano huo kabla ya saa nne asubuhi. Ibonyeze mara nyingi, tena upesi. Springi nzuri hairegei wala haikwami. Mwisho tazama ukingoni mwa rangi, pale inapokutana na ncha. Rangi ya dhahabu ikiwa imepakwa juu ya chuma cha kawaida, jasho la vidole litaipenyeza kutu. Ikiwa imepakwa juu ya shaba, itachubuka tu na kukuonyesha umanjano mwingine chini.

Kuhusu chuma chenyewe. Chuma kisichoshika kutu ndicho ningekuchagulia: hakina harufu, hakichubuki, na hakidai chochote ila kufutwa. Alumini ni nyepesi na haikai moto muda mrefu, ila ikianguka kwenye sakafu ya saruji hubonyea. Shaba ya njano, hiyo kalamu yako ya tatu, ni nzuri kwa macho na inatengenezeka kwa usahihi, ndiyo sababu mafundi wanaipenda. Lakini huachia harufu mkononi, hugeuka rangi kwa jasho, na ni nzito. Hapo kwenye uzito vijana wengi mnadanganyika. Mnashika kitu kizito dukani mnasema hiki ni kitu hasa. Bic ya kawaida, ile ya plastiki ya pembe sita iliyotoka mwaka 1950, ina gramu 6 hivi. Jotter ya chuma ina kama gramu 16. Kalamu nene za shaba hupita 30. Kwa kusaini hundi, 30 ni raha. Kwa kuandika ushahidi wa mashahidi wanne mfululizo, zitakusimulia kwenye kifundo cha mkono. Tena angalia uzito umekaa wapi: ukiilaza kalamu kwenye kidole, iegemee kidogo upande wa ncha. Yenye kichwa kizito hukuvuta nyuma, nawe bila kujua unabana zaidi ili kuizuia.

Halafu joto. Kule Kiomboi ulikopangiwa mna baridi yenu ya kujivunia, lakini ukihamishiwa huku bonde la Bahi utajua maana ya chuma kuteleza. Chuma kilaini kama kioo hakifai kwa kiganja chenye jasho. Tafuta kilichosuguliwa kikawa hakimeremeti, au chenye mikwaruzo midogo pale vidole vinaposhika.

Ukiwa dukani usijaribu kalamu kwa kuchora vimviringo kwenye kipande cha boksi, hivyo ndivyo wauzaji wanavyotaka. Nenda na fulskepu yako mwenyewe, ya aina ileile mnayotumia mahakamani. Omba kiti. Andika ukurasa mzima kwa kasi unayoandikia shahidi anayeongea bila kupumua. Ukifika chini, geuza karatasi uone kama umeichimba. Ukikuta matuta nyuma kama ya maandishi ya wasioona, basi ama kigololi hakizunguki vizuri, ama wewe unaikandamiza. Kalamu nzuri haitaki kukandamizwa. Kigololi cha milimita 1 huteleza zaidi na humaliza wino upesi. Cha 0.7 hutoa mstari mwembamba, na kwa mwandiko wako mdogo (ulioupata kwa bibi yako, si kwangu) hicho ndicho kitakufaa.

Wino. Ulipokuwa shule, karatasi za mitihani ya taifa zilikuelekeza kuandika kwa wino wa buluu au mweusi, penseli kwa michoro tu. Endelea hivyohivyo. Mimi nilipenda buluu, kwa kuwa ukurasa halisi unajitofautisha haraka na nakala iliyotolewa kivuli. Wenzangu wengi walipenda nyeusi kwa sababu inatoka vizuri kwenye nakala. Chagua moja uizoee. Wino wa mafuta wa kalamu ya kigololi hauogopi sana maji, na mapaa ya masjala unayajua. Kalamu ya nibu ni tamu, nakubali, lakini karatasi zetu hunyonya wino herufi zikavimba, na wino wake mwingi ukipata tone la mvua hukimbia. Iwekee barua za nyumbani.

Kuna wino mmoja usiukaribishe kabisa mezani pako, hata kama kalamu yake ni nzuri kiasi gani: ule unaofutika. Pilot wanao, unaitwa Frixion. Haufutiki kwa kukwanguliwa, hupoteza rangi kwa joto. Ukisugua, msuguano unaleta joto, maandishi yanatoweka. Inatosha nyuzi 60 hivi. Sasa fikiri jalada limeachwa mbele ya kioo cha gari lililoegeshwa juani hapa Kintinku saa nane mchana. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba usitumike kwenye nyaraka za kisheria. Hukumu ya mtu isifutwe na jua.

Najua utaniuliza na ile kalamu ya wanaanga, maana mjomba wako anaisifia. Ni kweli ipo. Ni ya Paul Fisher wa Marekani, iliruka na Apollo 7 Oktoba 1968, na refili yake ina gesi inayosukuma wino hata ukiandika kichwa chini. Fisher aliitengeneza kwa fedha zake, zile habari za serikali kumwaga mamilioni ni porojo za vijiweni. Lakini wewe unaandika ukiwa umekaa, meza iko chini ya karatasi, na wino unashuka wenyewe bila kulipiwa.

Kwa hiyo kati ya zako tatu, nunua ya nne: ya chuma kisichoshika kutu, ya kubonyeza, inayokula G2, isiyozidi gramu 20. Parker halisi ikipatikana kwa muuzaji mwenye risiti na dhamana, sawa. Isipopatikana, jina jingine lolote linalopita majaribio niliyokueleza. Fedha inayobaki nunua refili sita. Kwa sababu ya vumbi, ukifunga mahakama rudisha ncha ndani, na mara mojamoja uifungue uipulize. Mchanga ukiingia kwenye springi, hata chuma bora hukwaruza.

Umeuliza pia kuhusu kuchora jina. Chora jina, cheo uache, kwa kuwa cheo natumaini kitabadilika na kalamu itakuwa bado nzima. Na kwenye droo weka Bic tatu nne za kukopesha. Wadhamini watakuja kusaini, kila mmoja ataomba peni, na mtu aliye na haraka ya kumtoa ndugu yake rumande huondoka na chochote kilicho mkononi mwake.

Wako,
Babu