Matarumbeta ya Kihambani

Desemba iliyopita, kwenye mazishi huko Old Moshi, kijana aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam alimwinamia babu yake na kumnong'oneza: "Babu, hii bendi mmeikodi wapi? Wanachukua shilingi ngapi?" Wapulizaji saba walikuwa wamesimama kihambani, shamba la nyumbani, kando ya migomba, wamevaa makoti yasiyofanana, wakisubiri mchungaji amalize sala. Babu hakukasirika. Alimwambia kwamba haikukodiwa, ni ya usharika, na kwamba tarumbeta la yule wa pili kutoka kushoto alilipuliza yeye mwenyewe mpaka meno ya mbele yalipomtoka.

Kijana hakujua, na si yeye peke yake. Kwa vijana wengi wa Moshi wa leo, matarumbeta ni kitu cha harusi: wanaume watano nyuma ya pikapu, kamera mbele, msafara unazunguka mnara wa saa huku honi zikilia. Kamati ya harusi huyapangia bajeti pamoja na keki na mapambo. Hakuna ubaya katika kumlipa mpulizaji jasho lake. Kinachouma ni kwamba mtoto wa Kidia, hapo Old Moshi, au wa Machame anakua bila kuambiwa kuwa muziki huo ulikuwa mali ya kijiji chake, tena mali iliyotunzwa kwa zamu kama mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni.

Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893, wakafuata Mamba mwaka 1894 na Kidia mwaka 1896. Walikuja na nyimbo zao za sauti nne, na pembe za shaba zikazifuata. Walizikuta sauti nyingine zikiwa zimetangulia: iringi, ngoma ya kuzunguka kwa kuitikiana, na nyimbo za rika za kumsifu mangi, yaani chifu wa Kichaga. Bruno Gutmann, mmisionari mwenzao aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, aliwasumbua wenzake kwa kusisitiza kwamba Mchaga anaishi ndani ya ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa likivunja hayo litabaki halina pa kusimama. Mtu anaweza kubishana na mengi aliyoyaandika. Kwenye kikundi cha matarumbeta, hata hivyo, ukoo, ujirani na rika vilionekana kwa macho. Baba alimwachia mwanawe nafasi, majirani walifanya mazoezi pamoja, na waliopata kipaimara mwaka mmoja walisimama mstari mmoja. Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920, walimu Wachaga ndio walioshika sharika na uimbaji wake, na nyimbo hazikunyamaza.

Babu wa yule kijana, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa hapa, alianza kupuliza akiwa mtoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyemuuliza kama ana kipaji. Mjomba wake alimpa kidomo kitupu, bila tarumbeta, akamwambia akae nacho mwezi mzima mpaka midomo iache kuvimba. Alikipuliza akichunga mbuzi na akikata majani ya ng'ombe, na akarudia jikoni hadi mama yake alipomfukuza.

Mazoezi yalikuwa jioni, na msimu wa kahawa hayakuanza kabla kazi ya siku haijaisha. Mashine ya kumenya ilizungushwa kwa mkono mpaka kahawa mbivu ya siku hiyo ikaisha, kisha watoto wakanawa na kukimbilia kanisani. Ndiyo maana mpaka leo harufu mbili zimeshikamana kichwani mwake: maganda ya kahawa yaliyochachuka kwenye shimo nyuma ya nyumba, tamu na kali kwa pamoja, na shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu. Brasso ya kopo ilikuwepo mjini, lakini ilitunzwa kwa ajili ya Krismasi na Pasaka. Ukisugua shaba kwa ndimu na usiisuuze vizuri, ukipuliza unaonja uchachu mdomoni. Wadogo walijifunza hilo kwa midomo yao.

Wapulizaji walisoma noti kutoka kitabu kile kile cha wanakwaya. Huko Ujerumani desturi hiyo ilienezwa na mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941): mpulizaji afundishwe kusoma sauti kama inavyosikika, ili asihitaji kitabu chake peke yake, aweze kukaa karibu na mwimbaji na kuanza naye. Ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Usharika maskini ulinunua aina moja ya kitabu, na mama wa sauti ya pili aliweza kumkosoa mpuliza tarumbeta aliyeruka noti, naye akanyamaza kwa sababu noti ilikuwa pale mbele yao wote wawili.

Pembe zilipoharibika zilishushwa mjini kwa miguu, kupitia Kiboriloni, hadi kwa fundi mmoja wa kulehemu jirani na soko la Mbuyuni. Huyu anastahili kukumbukwa kuliko wakubwa wengi waliopigiwa matarumbeta hayo. Kazi yake ilikuwa masufuria, karai, taa za chemli na baiskeli. Tarumbeta lililovuja alilishughulikia kama mpira wa baiskeli: aliziba upande mmoja kwa kitambaa, akalizamisha kwenye ndoo ya maji, akapuliza upande wa pili na kutazama mapovu yanakotoka. Hapo alitia alama ya mkaa, akakausha, akalehemu kwa risasi kidogo sana, maana risasi nyingi huua sauti. Vitufe vilivyokwama alivilainisha kwa mafuta ya cherehani. Springi iliyokatika aliikunja upya kutoka kwenye waya ambao hakumwambia mtu ameupata wapi. Alikuwa Mwislamu, na hakuwahi kupuliza wimbo hata mmoja. Alijaribu kazi yake kwa sauti moja ndefu, akiwa amefumba macho, kisha akataja bei. Wiki ya kuelekea Pasaka alikuwa akiuliza mwenyewe kama lile kubwa la besi limeshapona. Wateja wakulima wa kahawa walimlipa baada ya mauzo, naye alikubali kusubiri.

Alihitajika hasa Pasaka, kwa kuwa alfajiri ya siku hiyo wapulizaji walitoka gizani kwenda makaburini, na baridi ya mlimani huifanya shaba ishuke sauti. Walizikumbatia pembe ndani ya makoti njia nzima ili zipate joto.

Muziki huo haukwenda upande mmoja tu. Miaka ya 1960, katika chuo cha theolojia cha Makumira, chini ya Mlima Meru, Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo za kanisa kwa ala na sauti za kwao. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, alitunga "Mfurahini, Haleluya". Wimbo huo ulitafsiriwa Kijerumani, ukaingia katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, na leo Pasaka hupulizwa kwa matarumbeta katika nchi yalikotoka matarumbeta ya Kidia. Hili lingefundishwa shuleni, watoto wangetembea vifua mbele.

Baadaye mambo yaliharibika haraka. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyouza mazao ya wakulima, vilivunjwa mwaka 1976, na vilipofufuliwa katika miaka ya 1980 mkulima alikuwa amechoka kusubiri malipo. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya bei ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na mibuni ikang'olewa kupisha nyanya na ndizi za kuuza. Vijana wakashuka mjini, wakaenda Arusha na Dar. Vikaja kinanda cha umeme, kanda za kwaya, kisha spika.

Lililoumiza zaidi halitajwi sana. Ni shule za bweni. Mzazi wa Kilimanjaro yuko tayari kuuza shamba ili mtoto asome, na hilo ni jambo jema lililojenga mkoa huu. Lakini mtoto anayeondoka nyumbani akiwa darasa la tatu hawezi kuwa kwenye mazoezi ya jioni kijijini. Anarudi Desemba akiwa mgeni, mjomba mwenye kidomo amezeeka, na mkono wa kupokeza haupo. Wakati huo huo kanisani kinanda kinapiga ngoma zake kilizotoka nazo kiwandani, za namna moja kwa kila wimbo, na spika zimefunguliwa mpaka waumini hawasikii kama wanaimba au hawaimbi. Inakera, kwa sababu sharika hizo hizo zina pembe zimelala stoo chini ya viti vilivyovunjika.

Isisemwe kwamba uchumi ukifa muziki hauna budi kufa nao. Grimethorpe, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, Uingereza, kiliunda bendi yake ya shaba mwaka 1917. Mgodi ulifungwa mwaka 1993, kijiji kikaanguka katika umaskini mkubwa, na filamu ya Brassed Off ya mwaka 1996 ikatengenezwa kutokana na kisa chake. Bendi ingali inapiga. Kilimanjaro haikufungiwa mgodi: ardhi ipo, kahawa bado inauzwa Moshi, na Makumira, ambayo sasa ni chuo kikuu, inasomesha muziki hadi shahada. Walimu wapo umbali wa safari ya daladala.

Kwa hiyo wazee wa sharika wafungue stoo kabla ya Krismasi, wazihesabu pembe na kuzipeleka kwa fundi. Nanyi mnaopanda mlimani Desemba, mkichangia harusi na mazishi, changieni pia nauli ya mwalimu wa muziki na vidomo vya watoto wa shule za kutwa, ambao bado wanalala kwao kila siku na jioni wanapatikana.