Damu Husahau, Mshipa Hausahau

Mwili ni karani mwaminifu. Huandika tuyatendayo, wala hapokei rushwa afute neno.

Nilijifunza haya kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa na kisukari. Siku mbili kabla ya kwenda zahanati alimeza dawa alizokuwa amezisahau, akajinyima chai ya sukari na maandazi. Kidole kilipodungwa, kipimo kilimsifu. Naye alirudi nyumbani akicheka, akaagiza chai. Darasani niliwakemea wanafunzi waliodanganya katika mtihani. Nyumbani nilimwona baba akidanganya katika mtihani wake, nikanyamaza.

Siku moja daktari alitaka kipimo kingine. Chembe nyekundu za damu huishi kadiri ya siku 120. Katika muda huo sukari hunata juu ya himoglobini iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kipimo hicho husimulia habari za miezi miwili au mitatu, si za siku mbili. Kiasi cha asilimia 6.5 au zaidi ni alama ya kisukari. Cha baba kilikuwa 9.

Kisha alipimwa msukumo wa damu: 170 juu, 70 chini. Daktari alitueleza kuwa pengo kubwa namna hiyo aghalabu ni dalili ya ateri zilizokakamaa. Ateri kuu yenye afya hutanuka moyo unapopiga, kisha hunywea na kuisukuma damu mbele kwa upole. Lakini sukari iliyozidi kwa miaka mingi huzifunga pamoja nyuzi za kuta zake, zikawa ngumu. Hapo kila pigo la moyo hufika kwa kishindo katika figo na ubongo.

Baba alitubu. Baada ya miezi sita kipimo cha damu kilishuka hadi 7, kwa kuwa chembe za zamani zilikufa, zikazaliwa mpya. Lakini nyuzi za ateri hudumu miaka mingi, na ugumu wake hauondoki upesi. Mwaka uliofuata kiharusi kiliupooza mkono wake wa kulia.

Sijui kama neno langu lingaliuokoa mkono ule. Najua kwamba sikulisema. Msomaji, ukimwona mzazi wako akiuficha ugonjwa, usinyamaze kwa kudhani kuwa kimya ni heshima. Mwambie kwa adabu, tena mapema, maana karani yule haachi kuandika.