Fyuzi Hulinda Waya

Watu wa kwetu hawaweki dhahabu na jiko katika kapu moja. Dhahabu ni habari ya leseni, mitaji na mashimo marefu. Jiko ni mahali pa akina mama na masufuria. Hata hivyo, kifaa ninachotaka kukizungumzia kilitokana na dhahabu kabla ya kuingia jikoni.

Katikati ya miaka ya 1950, mhandisi Henri Rubin alitengeneza huko Afrika Kusini mtambo wa kugundua umeme unaovuja, kwa ajili ya migodi. Muda si mrefu ukafungwa pia katika nyumba za kijiji cha mgodi wa dhahabu wa Stilfontein. Mtoto wa ukoo huo ni kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kama ya karani wa ghala: hulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi. Ukipungua njiani kwa sehemu 30 tu za elfu moja za ampea, hukata mara moja.

Nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba hapa Shinyanga mjini ilifungwa nyaya zamani, wakati jikoni kulikuwa na taa moja na mkaa. Siku hizi ndugu zetu wanaofanya kazi migodini Geita na Kahama hurudi na majokofu na mabirika ya umeme, na vyote huchomekwa kwenye nyaya zile zile. Siku moja binti anayetusaidia kazi alisema kwamba jokofu linamng'ata akilishika bila viatu. Nililichomoa saa ile ile.

Nilipomwambia kaka kwamba namwita fundi, alinijibu, "Mdogo wangu, fyuzi zipo. Baba aliishi humu hadi uzee."

Hoja yake ilikuwa na uzito, lakini fyuzi hulinda waya, hailindi mtu. Fyuzi ya ampea 13 husubiri umeme mwingi, na moyo wa binadamu waweza kuvurugika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Tena kwetu mvua ni haba, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Tuseme njia ya kupitia fimbo ya erthi ina ukinzani wa omu 100. Kwa volti 230, umeme utakaopita ni ampea 2.3 tu. Fyuzi itatulia, na jokofu litabaki na umeme mwilini likimngoja mtu.

Fundi mwenye leseni ya EWURA hakuanza na kifaa. Alikagua nyaya, akatengeneza erthi, akabadilisha soketi, ndipo akafunga RCD. Alituonya pia kwamba mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na wa nyutro kwa mwingine, kifaa hakitamwokoa. Kitufe cha kujaribia kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata, kifaa kibadilishwe. Na kikikata mara kwa mara, tutafute mahali umeme unapovuja, tusikiondoe.

Msomaji mwenzangu, mgodini kuna mkaguzi na kuna sheria ukutani. Je, jikoni mkaguzi ni nani? Anayeshika birika kwa mikono yenye maji, juu ya sakafu ya saruji, mara nyingi ndiye asiyeulizwa tununue nini. Vigae vya sebuleni mgeni huviona, ndiyo maana fedha yake hupatikana. Kifaa hiki hukaa ndani ya kisanduku, na siku nyingi hakifanyi lolote.

Kaka alikitazama kwa muda, akabonyeza kitufe, nyumba ikazimika. Alikirudisha. Kisha akamuuliza fundi kama anaweza kufika kwake Geita.