Nani Kasema Nilikata Tamaa?

Wenzangu wa kijiweni hawaishi kuniuliza: wewe wa kidato cha nne, huna cheti cha chuo chochote, umepenyaje kwenye mashirika yale yenye magari meupe mpaka ukawa unalipwa kwa kuandika? Wengine wanadhani nina mjomba. Sina mjomba. Niliingilia mlango wa steshenari.

Nilikuwa nachapa barua na wasifu wa watu pale Mwenge, huku riwaya yangu ikilala kwenye daftari. Siku hiyo akaja dada mmoja wa shirika na kinasa sauti chenye mahojiano ya saa kumi na mbili, anataka yote yawe maandishi. Wasomi wa ofisini kwake hawakuwa na muda, na Kiswahili cha watu wa kusini kiliwachanganya. Nikayachukua. Saa moja ya sauti ilinila saa tano, hata sita, masikio yanauma. Lakini nikwambie ndugu msomaji, kama unataka kujifunza mazungumzo ya riwaya, tafuta kibarua hicho. Mtu akisimulia jambo zito hamalizi sentensi. Anasema "basi pale..." kisha anakohoa, anafukuza kuku, anarudia katikati ya jambo jingine kabisa. Sasa chukua riwaya zetu nyingi uone: wahusika wanahutubiana utadhani wako kwenye mkutano wa hadhara!

Baada ya hapo nikapewa mkataba wa kuandika zile zinazoitwa habari za mafanikio. Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Shirika linapata fedha kwa mfadhili, mara nyingi wa Ulaya au Marekani. Mfadhili anataka hesabu, lakini hesabu hazimtoi mtu machozi, kwa hiyo anataka na mtu. Unatumwa wewe na kamera na fomu yenye sehemu tatu: maisha kabla ya mradi, mradi ulivyokuja, maisha baada ya mradi. Chini kabisa pana nafasi ya maneno ya shukrani. Unajaza, ofisi inafupisha na kutafsiri kwa Kiingereza, habari inapanda ndege. Aliyeisimulia haioni tena.

Mtunzi akiiona fomu ile roho inamuwasha. Ina mwanzo, ina kati, ina mwisho, ila haina mhusika. Mtu aliyemo hafanyi kitu, anafanyiwa. Kabla ya mradi amekaa tu anangoja, kama mzigo kituo cha basi.

Nilimwelewa hivyo mama mmoja wa Kilwa Kivinje, mkaanga samaki. Shirika lilikuwa limesaidia kikundi chao cha kuweka na kukopa, vile vya kisanduku chenye kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kufungua peke yake. Alinisimulia asubuhi nzima, mafuta yanachemka, mimi nimekaa juu ya ndoo. Mumewe alikwenda Mtwara hakurudi. Yeye akaendelea kuchukua samaki kwa mali kauli kutoka kwa mwenye mashua mmoja, anakaanga, anauza, jioni analipa. Miaka minane. Kikundi kilipoanza aligoma kujiunga mwaka mzima, kwa sababu katibu wake alikuwa na deni lake la samaki na halipi. Niliandika yote hayo. Iliporudi kutoka ofisini, imepigwa chapa na picha yake nzuri ya rangi, ilisema mama huyu alikuwa amekata tamaa, hana pa kushika, mpaka mradi ulipomfikia. Katibu hayumo. Mwenye mashua hayumo.

Safari iliyofuata niliibeba karatasi ile. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo yangu, nikamsomea neno kwa neno, narudisha Kiingereza kwenye Kiswahili. Alisikiliza bila kuacha kugeuza samaki. Nilipomaliza akasema:

"Nani kasema nilikata tamaa? Ningekata tamaa mie, watoto wangekula nini?"

Nikasema, "Ni ofisini, mama."

"Haya. Na mbona humo mmejaa nyinyi tu, mwanangu? Yule aliyenipa samaki miaka minane bila karatasi, yeye yuko wapi?"

Nilirudi Dar na swali hilo. Dada wa ofisini, ambaye nasema kwa haki kabisa si mtu mbaya, alinijibu: "Mwenye mashua hajalipwa na mfadhili." Akaongeza kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa, na fedha ikikwama, vijiji vinavyofuata havipati visanduku. Hiyo nayo ni kweli. Tulivutana wiki nzima. Mwisho maneno ya kukata tamaa yakatolewa, na mwenye mashua akapata sentensi moja. Sentensi moja!

Tangu siku hiyo sipeleki habari ofisini kabla mwenyewe hajasomewa. Wapo wanaosema inatosha mtu akitia sahihi fomu ya ridhaa. Mama yule alitia sahihi, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia picha yake itatazamwa na nani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na ridhaa ya gizani siihesabu kuwa ridhaa. Namuuliza mtu waziwazi: picha hii ikibandikwa ukutani Ulaya, au ikamfikia shemeji yako kwa simu, sawa?

Wala msidhani hadithi ikitumikia jambo fulani lazima iwe butu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa *Twende na Wakati*, uliolenga uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yake ilitoka Mexico kwa Miguel Sabido: weka mhusika mwema, weka mwovu, na katikati weka anayeyumba, msikilizaji ayumbe naye. Mama yangu hakumbuki hata fundisho moja la mchezo ule kwa maneno yake. Anamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na wanawake wake, na mkewe Tunu. Anamlaani mpaka leo, kana kwamba alikuwa jirani yetu. Waliouandika walimpa Mkwaju akili na tamaa zake mwenyewe, hawakumfanya mzigo wa kituoni.

Upande wa mshiko nao msidanganyike. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, na Julai mosi USAID ikafungwa. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne. Ulikatwa kwa barua ya mistari sita, iliyoandikwa vizuri sana, nadhani na mwenzangu wa kitengo. Sasa nafanya kwa vipande: leo ripoti, kesho maelezo ya picha, keshokutwa nanakili sauti kama zamani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, basi na mimi sioni aibu. Riwaya naiandika alfajiri, kabla majirani hawajafungua redio. Ina mwanamke anayedai deni la samaki, na katibu anayemkimbia.

Mwezi ujao kuna kazi ya wavuvi wa pweza, kisiwani Songosongo. Nimewaambia wenye mradi nataka nusu ya malipo mkononi kabla sijapanda basi, na nauli ya kwenda mara mbili: kusikiliza, kisha kusoma. Nusu wamekubali. Nauli ya pili bado wanaijadili.