Rejeta mpya uani, na kile kinachobaki kwenye beseni

Najua hapa mmezoea tunaongea chanjo, uji na homa za usiku. Leo naongea rejeta ya gari. Msishangae, mkifika katikati mtaona bado tuko kwenye mada yetu ileile ya watoto.

Familia nyingi changa siku hizi zina kigari cha mtumba kutoka Japani. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, hicho kigari ndiyo ambulansi ya nyumba. Ndicho kinachokukimbiza hospitali saa nane usiku mtoto akibanwa na kifua. Kwa hiyo gari likianza kuchemsha, hilo siyo suala la baba peke yake.

La kwetu lilianza Desemba, tukipanda Kitonga kwenda Iringa kwa wakwe. Watu wanne, mizigo mpaka kwenye paja, jua la saa saba, na mlima unaojulikana na kila dereva wa njia ile. Mshale wa joto ukapanda. Baba watoto akatafuta mahali pa kutoka barabarani, akazima injini, tukakaa karibu saa nzima bila mtu kugusa kifuniko. Tulipofika Iringa fundi mmoja akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye sehemu ya juu ya rejeta.

Nikauliza kwa nini pale na siyo kwingine. Kumbe rejeta nyingi za magari madogo zina katikati ya alumini, lakini matenki yake, ya juu na chini au ya pembeni, ni ya plastiki, yamebanwa kwenye alumini na gasketi katikati. Plastiki ikichemka na kupoa kila siku kwa miaka kumi na zaidi inakauka, inakuwa kama biskuti. Siku ya mlima ndiyo inajionyesha.

Njia zilikuwa nne. Kuziba kwa gundi, ambayo inakufikisha nyumbani na siyo zaidi. Kununua rejeta iliyotumika, ambayo plastiki yake nayo ina umri uleule. Kununua mpya ya aina ileile. Au kununua ile ya alumini tupu, iliyochomelewa matenki na yote, nene kidogo kuliko ya awali. Haijatengenezwa na kiwanda cha gari lenyewe, lakini inatengenezwa kwa vipimo vya gari hilo. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile mpya ya kawaida. Tulijadiliana wiki nzima, maana ada ya mtoto mkubwa nayo ilikuwa mlangoni. Tukachukua ya alumini, kwa sababu Kitonga tunaipanda kila mwaka na watoto.

Ila niwaambie ukweli ambao muuza spea hawezi kukwambia. Alumini haifanyi miujiza. Injini ina kidude kinaitwa thamostati, kinafunguka joto likifika nyuzi 80 na kitu. Ni kama mwili wako unavyolinda nyuzi 37. Rejeta kubwa haiifanyi injini iwe ya baridi kuliko pale, inaipa akiba tu ya kupoza siku ya mzigo na mlima. Na kama pampu ya maji imekufa, feni haizunguki, au gasketi ya sirinda hedi imeungua, utabadilisha rejeta na gari litaendelea kuchemsha. Pima hayo kwanza kabla hujatoa hela.

Pia msikubali fundi aiondoe thamostati na kuitupa, eti gari la nchi ya joto haliihitaji. Linaihitaji. Na kifuniko cha rejeta nunueni kipya chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Kile kifuniko kinabana maji kwa presha, na maji yenye presha yanachelewa kuchemka. Pale Iringa, kwa urefu wake juu ya bahari, maji ya kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukiwa na kifuniko kilichochoka, milimani unachemsha mapema zaidi.

Sasa siku ya kazi. Tulifanyia nyumbani, uani, Jumamosi asubuhi. Fundi ni mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, kijana mwenye mikono mizuri. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, injini ya baridi kabisa. Tairi zimewekewa mawe, hendibreki juu. Waya wa hasi wa betri umetolewa, kwa sababu feni ya umeme kwenye baadhi ya magari inaweza kuwaka yenyewe hata funguo ikiwa mfukoni. Kidole cha mtoto pale hakina msamaha.

Beseni likawekwa chini, koki ya chini ikafunguliwa, kulanti ya zamani ikatoka kama lita nne. Mpira wa juu, mpira wa chini, feni na fremu yake, vyote nje. Gari letu ni automatiki, kwa hiyo kuna mipira miwili mingine ya kupoza haidroliki ya gia, inapita ndani ya rejeta. Hiyo aliiziba haraka isimwage, na mwishoni akapima haidroliki na kuongeza iliyopungua. Kisha akaiweka rejeta mpya na ya zamani pamoja kwenye mkeka, akalinganisha matundu ya boliti, unene wa midomo ya mipira, na nafasi ya feni. Hapo ndipo rejeta nene huwa zinasumbua, feni inaweza kugusa. Yetu ilibakiza nafasi ya kidole. Angalieni kabla ya kufunga, na kabla muuzaji hajafunga duka.

Na sasa ndio nafika kwenye sababu ya post hii.

Ile kulanti iliyotoka ilikuwa pinki, safi, inang'aa kwenye beseni. Kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Shemeji akaniambia, "Shem, nipatie chupa tupu za maji ya kunywa, hii bado nzima, nitaitumia kwenye gari la mtu."

Nikamwambia, "Shemeji, heshima yako naijua, lakini chupa ya maji leo haitoki jikoni kwangu."

Akacheka. "Shem, unaogopa nini? Nitaandika juu."

"Andika. Mwanao ana mwaka na miezi minane, anajua kusoma?"

Alinyamaza. Mtoto anayemwita baba mdogo alikuwa barazani kwa jirani, nilishampeleka tangu asubuhi, na sauti yake tunaisikia pale. Baba watoto akaenda stoo akaleta dumu la lita tano lililokuwa la oili, lenye mfuniko wa kukaza. Ikaingia humo.

Mama zangu, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda tumeyapigia kelele miaka yote kliniki, na bado watoto wanaletwa. Kulanti ni hatari kwa namna nyingine, na wengi hawajui. Kulanti nyingi zimetengenezwa na kitu kinaitwa ethilini glaikoli. Haina harufu kali kama mafuta ya taa. Haimkabi mtoto kooni. Ni TAMU. Mtoto akionja, anaongeza. Na kwa mtoto mdogo, kijiko kimoja cha chakula cha ile isiyochanganywa na maji kinatosha kuhatarisha maisha.

Mnakumbuka habari za dawa za kikohozi za Gambia? Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto, na vifo vya watoto 66 vilihusishwa nazo. Walipozipima wakakuta ethilini glaikoli na ndugu yake, dai-ethilini glaikoli. Figo za watoto zilizimika. Sasa fikiria kitu hichohicho kiko uani kwako kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Inavyofanya kazi ni hivi. Yenyewe ikiingia, saa za mwanzo mtoto anaonekana kama kalewa: anayumba, anasinzia, anatapika. Mama anasema kachoka, alale. Wakati huo ini linaigeuza kuwa asidi, na asidi ndiyo inayoua. Baadaye anaanza kupumua haraka na kwa nguvu. Siku ya kwanza mpaka ya tatu mkojo unapungua, figo zinakufa. Kwa hiyo mnapigana na muda. Hospitali kuna tiba ya kuzuia ini lisiigeuze, na ikibidi kuna kusafisha damu kwa mashine, lakini inasaidia zaidi akifika MAPEMA.

Ukimkuta mtoto na kulanti mdomoni, hata kama anacheza vizuri:

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ukidhani yanakata sumu. Hayakati.

Mfute mdomo, mtoe nguo zilizolowa, nenda hospitali sasa hivi. Usisubiri dalili.

Beba dumu au lebo yake. Useme neno "kulanti ya gari" mlangoni kabisa, usiseme "amekunywa kitu". Dalili za mwanzo zinafanana na magonjwa mengine mengi, na kile unachomwambia nesi ndicho kinamwelekeza.

Jambo la pili ni kuungua. Gari likiwa la moto, maji ndani ya rejeta yamepita nyuzi 100 na yanabanwa na kifuniko. Ukifungua, yanaruka kama sufuria ya presha, na urefu wa kifuniko ni usawa wa uso wa mtoto aliyebebwa. Gari likichemsha njiani, watoto wabaki mbali, na kifuniko kisiguswe mpaka bomba la juu ukiligusa ni la baridi. Fundi wa barabarani akija na kitambaa na haraka zake, wewe ondoka na mtoto kwanza.

Akiungua: maji ya baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, hapana. Vinatufanya wodini tuanze kukwangua kidonda ambacho tayari kinauma. Funika kwa kitambaa safi. Kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, nenda hospitali.

Tuimalize kazi yetu. Mipira mipya na klipu mpya zikafungwa. Tukajaza kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa chumvi, yale ya kununua. Maji ya kisima yetu huku ni ya chumvi, yakiingia kwenye alumini yanaila na kuacha magamba ndani kama yale ya kwenye birika. Injini ikawashwa pale pale uani, mahali pa wazi penye hewa, kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa ya baridi, hita ya ndani imewekwa kwenye joto, ili hewa iliyonaswa itoke kwa mapovu. Ikapungua, tukaongeza. Bomba la juu likapata moto, feni ikawaka yenyewe, tukafunga. Kesho yake asubuhi, injini ya baridi, tukafungua tena kuangalia kiwango, tukaongeza kidogo.

Pale chini palipodondoka tukamwaga mchanga, tukauzoa, tukaosha kwa maji mengi. Mbwa na mbuzi wa jirani nao wanapenda tamu, na nao wanakufa. Lile dumu tuliliandika SUMU pande zote, likaondoka na shemeji jioni ileile kwenda gereji. Halikulala kwangu.

Kwa hiyo mama, siku ya gereji ya nyumbani usibaki jikoni ukidhani kazi ni ya wanaume. Mafundi macho yao yako kwenye boliti, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe una kazi zako nne: watoto wawe kwa jirani au kwa bibi mpaka uani pameoshwa, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, kinachotoka kwenye gari kiingie kwenye dumu ambalo halijawahi na halitawahi kuwa la kunywea, na dumu liondoke kabla ya giza.

Jumapili ijayo tunarudi kwenye maswali yenu ya mtoto anayekataa kula. Leo nendeni stoo mkaangalie kuna nini kwenye chupa za maji na za soda. Ukikuta kitu, hamisha kwanza, halafu ndio uje uniandikie.