"Hapo Tu" ni Kilomita Ngapi?

Wiki jana nilikuwa nyumbani Kibirichia nikivuta mkokoteni. Ndiyo, mimi huyu ninayeshinda mbele ya kompyuta kutwa.

Binamu yangu ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi huwaita Wamormoni. Mimi si muumini wao, lakini alinialika kwenye matembezi ya vijana ya siku mbili. Huigiza safari ya waanzilishi wao waliovuka nyanda za Marekani hadi Bonde la Salt Lake. Kundi la kwanza lilifika Julai 1847 kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Kati ya 1856 na 1860, watu wapatao 3,000 walikwenda kwa miguu, wakivuta mikokoteni kwa mikono. Sisi mikokoteni yetu tuliazima kwa wakulima wa viazi.

Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", nilipewa kazi ya kupima umbali kwa simu. Kufika saa sita mchana, betri ikaisha. Vijana wakaniuliza, "Kaka, tumebakisha kilomita ngapi?" Nikatazama mbele, nikasema, "Hapo tu. Kama 2 hivi." Wakafurahi, wakanywa maji yote.

Basi tukatembea saa nzima bila kuona kambi. Msichana mmoja akakaa kando ya barabara, midomo imemkauka, akashindwa kuinuka. Nyanya mmoja aliyekuwa akipalilia shamba lake akatuletea mtungi wa maji. Nilipomweleza kwamba nilidhani tunafika hapo tu, akanijibu, "Mjukuu wangu, 'hapo tu' hainyweki."

Jioni kiongozi wetu akatusimulia habari za William Clayton, karani wa msafara wa 1847. Wenzake walikuwa wakikadiria umbali kwa macho, naye akahisi wanazidisha. Akapima gurudumu la gari moja, akaona mizunguko 360 ni maili 1. Akalifunga kitambaa chekundu, na Mei 8 akatembea kando yake kutwa akihesabu. Alipata mizunguko 4,070, yaani kama kilomita 18.

Kuhesabu kukamchosha. Siku chache baadaye fundi Appleton Harmon akaunda mashine ya mbao yenye magurudumu ya meno, kwa mpango wa Orson Pratt, ikawa inahesabu yenyewe. Mwaka 1848 Clayton alichapisha mwongozo wenye umbali wa kutoka kituo hadi kituo, ili wanaokuja nyuma wajue maji na kambi viko wapi.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi, kwa kuwa tulirudi kwa njia ileile, nilipima gurudumu la mkokoteni kwa kamba: sentimita 190. Nikafunga kitambaa chekundu, nikahesabu kutoka kambini hadi pale nilipotoa jibu langu la jana. Mizunguko 2,480. Kilomita 4.7! Nikamtafuta yule msichana, nikamwonyesha hesabu na kumwomba radhi. Akacheka, lakini chupa yake hakuiachilia.

Njiani nilikuwa nikifikiria kazi yangu. Bosi akiniuliza programu itakamilika lini, mimi hujibu, "Wiki 2 tu." Na kuna watu wanaopanga mambo yao kwa neno hilo. Jumatatu aliniuliza tena. Nikamwomba anipe mpaka jioni, nikafungua rekodi za kazi zangu tatu zilizopita. Zote niliahidi wiki 2, na iliyokwenda haraka kuliko zote ilichukua 5.

Nikamwambia 5. Alikunja uso, lakini alimpigia mteja simu siku hiyohiyo, kabla mteja hajamaliza maji yake.

Haya, wiki njema. Na wewe msomaji, "hapo tu" yako ni kilomita ngapi?