Profesa Muyembe: damu ilisafiri, jina likabaki

BUKAVU – Wengi wanakumbuka mwezi wa nane 2019, pale Ebola ilipofika Mwenga. Mama mmoja aliyetoka Beni na mtoto wake mchanga alifanya safari ndefu ya barabara na ya ziwa, akafia Mwenga. Hapa Bukavu watu waliogopa hata kupeana mikono. Lakini Kivu Kusini ilihesabu wagonjwa 6 tu, kisha ugonjwa ukaisha.

Siku chache kabla ya habari hiyo ya Mwenga, tarehe 12 mwezi huo, dunia ilitangaziwa kwamba dawa mbili za Ebola zinaponya. Dawa moja, mAb114, ilianzia katika damu ya Mkongomani. Nyuma yake kuna kazi ya miaka zaidi ya 40 ya munganga mmoja, Profesa Jean-Jacques Muyembe.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942, akasomea uganga Kinshasa, kisha virusi huko Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, katika jimbo la Équateur, ambako watu walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua sababu. Alitoa wagonjwa damu bila glavu, damu ikamchafua mikono. Alinawa kwa maji na sabuni, na Mungu akamlinda. Alirudi Kinshasa na sista mmoja mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Ubelgiji ndani ya termosi.

Huko ndiko kirusi kilionekana. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilitoa maandishi ya kwanza juu ya Ebola. Jina la Muyembe halikuwa kati ya waandishi.

Msikilizaji anaweza kuuliza: jina kwenye karatasi lina faida gani? Katika sayansi, mtafiti hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi wenzake wanataja maandishi yake. Anayetajwa sana ndiye anapewa pesa za labo, ndiye anaitwa kwenye mikutano, ndiye anasikilizwa ugonjwa ukirudi. Asiyeandikwa hatajwi, na asiyetajwa hasikilizwi.

Hilo lilionekana Kikwit mwaka 1995. Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona Ebola. Wagonjwa 7 walipona. Wataalamu wa nje walisema hiyo si hakika, kwa kuwa hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha. Lakini miaka 11 baadaye, damu ya mtu aliyepona Kikwit ilichukuliwa, na kutoka humo ikatengenezwa mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa huku mashariki, wakati wa vita, kwa wagonjwa 681 pamoja na dawa nyingine tatu. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa mAb114, karibu 35 walikufa. Kwa dawa ya zamani ya kulinganishia, ZMapp, karibu 50. Maandishi ya kazi hiyo yalipotoka mwisho wa 2019, jina la kwanza lilikuwa la Mkongomani, Sabue Mulangu. Kwenye orodha ya majina, nafasi ya mwisho ni ya mkubwa wa kazi. Hapo palikuwa na Muyembe. Leo watafiti wa kila bara wanayataja.

Mzee huyo, mkurugenzi wa INRB Kinshasa, aliweka pia sharti: damu ya wagonjwa wa Kongo ihifadhiwe Kongo. Matunda yameonekana hata kwetu. Mpox ya aina mpya ilipotokea Kamituga, katika teritware hiyo hiyo ya Mwenga, watafiti wa INRB walikuwa kati ya walioieleza dunia mwaka 2024.

Kwa familia zilizokimbia vita, zinazoishi kwa ndugu au kambini, habari hii si ya maprofesa peke yao. Wao pia hupimwa ugonjwa unapotokea. Kupima kunaokoa maisha, asikatae mtu. Lakini munganga akichukua damu ya mtoto wako, una haki ya kumuuliza kwa heshima: inaenda wapi, nani ataipima, na majibu yatarudi lini? Kama mwaka 1976 Yambuku ingekuwa na mtu wa kuuliza hivyo, huenda jina la Muyembe lisingengoja miaka 40.